Kuzalisha aina mpya za pichesi na nektarini kwa maeneo yenye baridi hafifu

Vichipukizi vya mpichesi (wengine huuita mfyulisi) hulala majani yanapopukutika, na haviamki sawasawa mpaka vipate kiasi chake cha baridi. Kipimo cha kawaida ni idadi ya saa ambazo joto liko chini ya nyuzi 7.2 za Selsiasi. Aina nyingi za kaskazini hutaka saa 650 hadi 1,000 na zaidi. Ukipanda mti wa namna hiyo Florida ya kati, utachanua kwa mafungu kwa wiki kadhaa, majani yatachelewa, na utavuna matunda ya kuhesabu. Mzalishaji analenga saa 100 hadi 300. Kushusha hitaji la baridi si kazi ngumu. Ugumu ni kulishusha bila kupoteza ukubwa, umbo na ladha.

Programu ya Chuo Kikuu cha Florida, iliyoanza Gainesville miaka ya 1950, ilikabiliana na tatizo hilo hilo. Damu ya baridi kidogo ilitoka kwa pichesi kama 'Okinawa' na 'Hawaiian', ambazo matunda yake ni madogo na hayauziki. Hitaji la baridi halirithiwi kwa jeni moja (chembe ya urithi): watoto hutawanyika kati ya wazazi wao, na wastani wao huangukia karibu na katikati. Mti wa saa 150 ukichanganywa na wa saa 850, watoto wengi watazunguka 500. Kwa hiyo kizazi cha kwanza huchanganywa tena na mzazi mwingine wa baridi kidogo, na kazi inaendelea hivyo kizazi baada ya kizazi. Leo huna haja ya kuanzia kwa 'Okinawa'. Anza na aina iliyokwisha kuboreshwa, mfano 'Flordaprince' ya mwaka 1982, yenye hitaji la takriban saa 150.

Nektarini ni pichesi isiyo na vinyweleo, na sifa hiyo ni ya jeni moja iliyofichika, yaani huonekana tu ikirithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Ukichanganya nektarini na pichesi isiyobeba jeni hiyo, watoto wote watakuwa na vinyweleo. Usiwatupe. Wachavushe kwa chavua yao wenyewe, na robo ya wajukuu watakuwa nektarini. Ukiwachanganya tena na nektarini, utapata nusu. Rangi ya nyama nayo iko hivyo: nyeupe huifunika njano.

Mama, yaani mti utakaobeba tunda, mchague kwa siku za kuiva, si kwa uzuri wa tunda. Aina za mapema sana, ambazo huiva chini ya siku 90 hivi tangu kuchanua, huwa na kiini ambacho hakijakomaa tunda linapoiva. Ukipasua kokwa utakuta kiini kimesinyaa au ni majimaji, na hakitaota udongoni. Aina hizo zitumie kama baba, yaani mti wa kutoa chavua. Zikilazimika kuwa mama, itabidi kiini kikuzwe maabara ndani ya chupa yenye virutubisho.

Chavua hukusanywa kutoka kwa maua yaliyovimba kama puto, siku moja kabla ya kufunguka. Yasugue juu ya chujio la waya ili vifuko vya chavua vianguke kwenye karatasi, kisha vianike ndani kwa saa 24, mbali na jua. Vitapasuka na kutoa unga wa njano. Utie kwenye kichupa chenye silika ya kunyonya unyevu. Ndani ya friza hukaa hadi msimu ujao.

Kwa mama, ua lazima lihasiwe, kwa sababu pichesi hujichavusha. Shika ua la hatua ile ile ya puto, ukate kikombe chake kuzunguka kwa ukucha au kibano, chini kidogo ya mahali petali zilipojishika. Petali na vifuko vyote vya chavua vitatoka pamoja, ibaki pistili ya katikati (sehemu ya kike ya ua) na stigma yake, ncha inayopokea chavua. Ukiona kifuko kimoja tu kimeshapasuka, ling'oe ua hilo. Yaliyofunguka na yaliyo machanga kwenye tawi hilo yaondoe pia. Pakaza chavua kwa ncha ya kidole siku hiyo au kesho yake. Kufunika kwa mfuko si lazima, maana nyuki hawana sababu ya kulijia ua lisilo na petali. Funga lebo: mama kwanza, baba baadaye, na tarehe.

Tunda likiiva, vunja kokwa bila kujeruhi kiini, kitie dawa ya ukungu, kiweke kwenye perlaiti (punje nyepesi za kuoteshea) yenye unyevu kwenye friji, nyuzi 4 hadi 7. Mbegu za wazazi wa baridi kidogo huanza kutoa mizizi mapema kuliko nyingine, na hapo ndipo mchujo wa kwanza huanza: zinazotangulia mara nyingi hutoa miti isiyotaka baridi nyingi.

Miche ipandwe kwa kubanana, nusu mita kati ya mche na mche. Mingi itazaa mwaka wa pili au wa tatu, na mingi zaidi itang'olewa. Ng'oa bila huruma mti wenye tunda la ncha iliyochongoka, kasoro ambayo joto huizidisha na ambayo husuguliwa na kuoza kwenye sanduku. Ng'oa wenye matawi yenye macho matupu, yaani vifundo visivyo na vichipukizi. Ng'oa unaopukutisha majani mapema kwa ugonjwa wa kutu, kwani huchanua nje ya msimu. Kwa nektarini, kagua ngozi: hupasuka na kukwaruzwa na thiripi (wadudu wadogo sana), hakuna vinyweleo vya kuikinga. Mti unaotangulia mno kuchanua nao una hatari, kwani nyuzi 3 hivi chini ya sifuri huanza kuua maua.

Nyanda za juu kama Lushoto au Limuru hazina majira halisi ya baridi, hivyo lenga saa 100 au pungufu, na pima pia jinsi mti unavyoitikia kupukutishwa majani kwa mkono.

Miti michache iliyobaki ibebeshe kwa kichipukizi juu ya shina la mpichesi mwingine linalohimili minyoo fundo wa mizizi. Florida hutumia 'Flordaguard'. Ijaribu penye baridi tofauti kwa misimu kadhaa, ukiwemo msimu wa joto kupita kawaida, kwa sababu msimu mmoja wenye baridi nzuri huficha mti unaotaka saa nyingi.