Kuigeuza opera kuwa hadithi ya kusomwa: mfano wa Aida

Katika opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, sababu za watu kutenda wanayoyatenda hubebwa na muziki. Ukiondoa ala na sauti yanabaki matukio matupu, na msomaji wa Unguja au Pemba atauliza: mbona kafanya vile? Mjibu kabla hajauliza. Tuichukue Aida ya mtunzi Mtaliano Giuseppe Verdi, iliyooneshwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871, Seyyid Barghash akiwa na mwaka na kitu tu kitini hapa Unguja.

Anza na libreto, yaani maneno yanayoimbwa. Yasome yote, kisha sikiliza huku ukiyafuata. Andika pembeni nani anajua nini, na kajua lini. Msomaji atajua tangu sehemu ya 1 kwamba Aida, mtumwa wa Amneris binti Farao, ni mtoto wa Amonasro, mfalme wa Uhabeshi. Radamès, jemadari wa Misri anayempenda Aida, hajui kwamba baba huyo ni mfalme mpaka sehemu ya 3, naye keshamtajia Aida njia ya jeshi lake huku baba huyo kajificha anasikiliza. Ukikosea hapo, Radamès ataonekana msaliti wa kusudi na hadithi imeharibika.

Nyimbo za mtu mmoja ndizo ngumu zaidi. Katika taarab mstari hurudiwa na watu wakazidi kuinuka kutunza. Kwenye karatasi mstari uliorudiwa unachosha. Kando ya Nile, Aida anaimba kuhusu mbingu, upepo, vilima na pwani za kwao ambazo hatoziona tena. Usiorodheshe vyote. Chagua kimoja anachoweza kukihisi pale alipo: “Upepo wa mtoni ulimgusa shingoni. Haukuwa na harufu ya kwao.” Inatosha. Na neno “akaimba” lisionekane popote.

Jambo la pili ni jicho la kufuata, yaani mambo tuyaone kwa macho ya nani. Mwishoni Radamès anafukiwa hai chini ya hekalu, na humo gizani anamkuta Aida aliyetangulia kujificha. Jukwaani hapana anayehoji. Msomaji atataka kujua kapitia wapi. Kwa hiyo fuatana na Aida mpaka usiku wa Nile, kisha sehemu ya 4 mpe Amneris, ili Aida atupotee kama alivyowapotea Amneris na Radamès. Hukumu ya Radamès kwa usaliti isikike kutoka alipo Amneris: sauti za makuhani zinapanda kutoka chini, mara 3 wanamshitaki, mara 3 Radamès yuko kimya. Hapo katikati penyeza sentensi moja: kaburi limeshafunguliwa, halina mlinzi. Ukurasa wa mwisho shuka na Radamès.

Gwaride la ushindi lipe aya moja. Fahari yake ni ya macho na tarumbeta. Onesho ambalo Amneris anamdanganya Aida kwamba Radamès kafa, ili amwone akilia, liandike karibu lote kwa mazungumzo, maana limeshakamilika lenyewe.

Maneno 3,000 yanatosha. Rasimu nyingi huharibiwa na mfululizo wa “akaenda, akamwona, akalia”: kila tukio linapata uzito sawa, kifo na salamu vikalingana. Pazito, kata mfululizo kwa “-li-” badala ya “-ka-”, na kwa sentensi fupi. Kisha msomee kwa sauti mtu asiyeijua Aida. Anapokukatiza kuuliza “huyu nani tena?”, tia alama, usimweleze; jibu liandike ndani ya hadithi, ukurasa mmoja kabla ya alama hiyo.