Umejiunga na klabu ya salmoni mto Spey? Soma hapa kabla ya kuniuliza

Kila msimu ukifunguliwa meseji ni ileile: "Mkuu, ada nimelipa, wiki nzima natupa ndoana, hata kuguswa sijaguswa. Samaki wako wapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, naweka yote hapa. Nazungumzia Spey ya upande wa Grantown, Scotland, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Walioko mito ya Dee na Tay mtapata mengi humu, ila tarehe zenu ni tofauti.

1. Kibali. Lipa, kichapishe, tembea nacho. Kuvua salmoni bila ruhusa ya maandishi ya mwenye maji ni kosa la jinai.

2. Tarehe. Spey hufunguliwa 11 Februari, hufungwa 30 Septemba. Jumapili havuliwi salmoni Scotland nzima, hata maji yawe mazuri vipi.

3. Kurudisha. Kabla ya 1 Aprili kila salmoni anarudi majini. Baada ya hapo fuata kanuni za klabu za mwaka huo, maana mito hupangiwa daraja la uhifadhi upya kila mwaka. Usiniletee karatasi ya mwaka juzi.

4. Ramani ya klabu. Kila kilindi, yaani sehemu ya mto yenye kina, kina jina lake. Yajue. Ukimuuliza mzee wa klabu habari za "pale penye mti mkubwa" atakutazama tu.

5. Tembea mto bila fimbo ya kuvulia. Hii ndiyo hatua watu wanairuka, halafu wanakuja kulalamika.

Salmoni akishaingia mtoni kutoka baharini hali chakula tena. Kwa hiyo usimtafute penye chakula, mtafute penye mapumziko. Akitoka kupanda maji ya kasi anataka mahali penye kina cha kumsitiri, mkondo wa wastani, na jiwe la kuvunja nguvu ya maji. Jiwe lenyewe hulioni mto ukiwa umejaa. Basi nenda kiangazi, maji yakiwa yamepungua, uvae miwani ya polaroidi inayokata mng'ao wa maji, usimame juu ya ukingo uangalie chini. Utaona mawe, mifereji, na ule mstari ambapo changarawe nyeupe inaishia na maji yanageuka rangi ya chai. Chora. Siku hiyohiyo fungua tovuti ya SEPA, shirika la mazingira la Scotland, soma kipimo cha maji cha Grantown, uandike namba pembeni ya mchoro.

Namba hiyo ndiyo siri yote. Kilindi kilekile hakina samaki mahali palepale kila siku. Maji yakipungua sana samaki husogea juu, kwenye kichwa cha kilindi, pale maji yanapoingilia, ambako maji yanachemka na hewa ni nyingi. Maji yakijaa hukaa mkiani mwa kilindi, pale maji yanapotokea, au pembeni kabisa karibu na nyasi. Mgeni anafika mto umejaa, anaingia mpaka kifuani, anasimama palepale samaki alipokuwa amelala. Anza kutupa ukiwa ukingoni. Miguu ibaki mikavu kwanza.

Ukilazimika kuingia majini, sikiliza. Spey ina kasi kuliko inavyoonekana na mawe yake ni ya duara, yanabingirika chini ya kiatu. Vaa jaketi la kuokolea. Shika fimbo ya kutembelea, na usihamishe mguu kabla fimbo haijatulia. Usishuke na mkondo kwenye changarawe inayoteleza kuelekea kilindini, kwani kurudi juu hutaweza. Weka jiwe dogo ukingoni, pale maji yanapoishia. Likifunikwa, toka, usimalizie "kutupa kwa mwisho". Mvua inaweza kuwa imenyesha milimani huku kwako jua linawaka. Ukianguka, lala chali na utangulize miguu kule maji yanakokwenda.

6. Zamu. Unaanzia juu ya kilindi, unatupa, unasogea hatua moja au mbili chini, unatupa tena. Ukimkuta mtu, unaingia nyuma yake. Ukimkatia mbele, mji mzima utapata habari zako.

7. Nzi bandia, yaani ndoana iliyovalishwa manyoya na nyuzi. Uliza duka la mjini, watakuambia wanaofaa wiki hiyo.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Mjini: Mkuu somo zuri ila ni refu. Hasa hasa samaki wako wapi? Tupia pini ya ramani.
Jibu: Hatua ya 5.

Kijana wa Mjini: Na nikimpata mkubwa naweza kumuuzia mwenye mgahawa?
Jibu: Hapana. Kuuza salmoni wa fimbo ni kosa kisheria hapa. Usimwingize na mwenye mgahawa matatani.

Mama Zuu: Shikamoo mkuu. Kama hali chochote, kwa nini anauma nzi?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Wengine husema ni hasira, wengine husema ni mazoea ya utotoni, kwani kabla ya kwenda baharini alikaa mtoni miaka kadhaa akila wadudu. Mimi naamini yote mawili yamo. Linalokuhusu wewe ni kwamba aliyeingia mtoni karibuni huuma upesi kuliko aliyekaa miezi. Kwa hiyo tega siku mafuriko yanapoanza kushuka na maji kutakata, maana samaki wageni wamepanda. Ukimpata, mtazame karibu na mkia: chawa wa baharini wakiwa bado wamemng'ang'ania, na nyuzi zao mbili ndefu, ametoka chumvini siku chache tu zilizopita. Ukimwona mwembamba, kichwa kikubwa, mapezi yamechakaa, huyo ameshataga anarudi baharini. Mwachie haraka, tena bila kumtoa majini.

Mbaharia: Nakuja na vifaa vyangu kutoka Norwei, nifike niingie moja kwa moja?
Jibu: Usithubutu! Kule kuna kimelea, Gyrodactylus salaris, kimemaliza salmoni wa mito kadhaa. Uingereza hakipo. Viatu, wavu, suruali ya mpira, vyote viue vijidudu na uvikaushe kabisa, angalau siku 2 penye joto la nyuzi 20. Usiponielewa hapa, baki nyumbani.

Mtu wa Nyeri: Huku kwetu mto Gura tuna trauti tu, jamaa wa salmoni. Kusoma mto ni hivihivi?
Jibu: Kaka, nyie mna undugu na huku. Mayai ya trauti wa Loch Leven, ziwa la Scotland, yaliletwa Kenya 1905. Tofauti ni kwamba trauti anakula, kwa hiyo angalia pia mkondo unapopeleka chakula. Namba ya kina cha maji andika vilevile. Hamna kipimo? Piga alama kwenye nguzo ya daraja.

Mzee wa Ukingoni: Niongezee. Joto la maji likifika nyuzi 20 acheni kuvua, samaki mnayemrudisha atakufa. Na miaka ya witiri angalieni salmoni wa waridi kutoka Pasifiki: madoa makubwa meusi mkiani, dume ana nundu. Huyo harudishwi, mnaitaarifu bodi ya mto.
Jibu: Asante mzee. 2017 walionekana wengi. Ila jamani, kama huna hakika ni yeye, piga picha umwachie.

Kijana wa Mjini: Jumapili hii nipo huru, tunaweza kwenda wote?
Jibu: Hatua ya 2. Jumamosi saa 12 asubuhi nipo darajani, na fimbo uiache nyumbani.