Mambo ya Kuweka Sawa Kabla ya Kupanda Ndege na Watoto Wadogo

Tiketi ikisema mtakuwa angani kwa muda wa saa 6, kwa mtoto mdogo hiyo ni safari ya saa 12 au zaidi. Kuna njia ya kwenda uwanjani, saa 3 za foleni na kungoja, ndege yenyewe, uhamiaji, kusubiri mizigo, kisha gari la kuwafikisha mnakolala. Familia nyingi hupanga kwa kufuata saa za tiketi, ndiyo maana nepi na maziwa huisha njiani. Anza kuhesabu mtoto anapoamshwa nyumbani na uishie anapolazwa kwenye kitanda kigeni. Karibu kila uamuzi unaofuata, kuanzia ndege ya kuchagua hadi idadi ya suruali kwenye begi, hupimwa kwa hesabu hiyo.

Hati kabla ya tiketi

Usilipie chochote kabla ya kuziweka pasipoti zote mezani na kuzisoma. Kwa safari ya nje ya nchi, mtoto mchanga naye huhitaji pasipoti yake. Katika nchi nyingi pasipoti ya mtoto hudumu muda mfupi kuliko ya mtu mzima, mara nyingi miaka 5, kwa hiyo ya mtoto inaweza kuwa imekwisha wakati yako bado mbichi. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele na kurasa tupu za kugongea mihuri. Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Mtoto anayeitwa kwa jina moja nyumbani na jingine kwenye hati hukwamishwa kaunta, na kusahihisha jina siku ya safari huweza kugharimu fedha nyingi au kushindikana kabisa.

Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, hasa kama jina lake la ukoo si sawa na lako. Ikiwa mzazi mmoja anabaki, chukua barua yake ya ridhaa yenye tarehe za safari, namba za pasipoti, namba ya simu anayopokea na uthibitisho wa wakili. Maofisa wa uhamiaji huuliza hivyo kwa sababu ya kupambana na utoroshaji wa watoto, na si lazima waamini maelezo ya mdomo. Masharti hutofautiana, hivyo uliza ubalozi wa nchi mnayokwenda na pia wa nchi mnayobadilishia ndege. Viza nayo ni ya kila mtu, na baadhi ya nchi hudai viza ya kupita tu, hata kwa mtoto.

Nenda kliniki wiki 6 kabla. Chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa wiki ya safari anaweza kuzuiwa ingawa cheti anacho mkononi. Tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote, hivyo usimchome tena mtoto kwa sababu tu miaka 10 imepita. Mkielekea penye malaria, dawa za kinga hupimwa kwa uzito wa mtoto. Mpeleke apimwe kilo, usikadirie.

Umri, viti na nani akae wapi

Mtoto aliye chini ya miaka 2 husafiri akiwa amepakatwa, na kwenye safari za kimataifa mashirika mengi humtoza takribani asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Umri huangaliwa siku ya kila safari, si siku ya kukata tiketi. Atakayetimiza miaka 2 mkiwa likizoni atahitaji kiti chake mkirudi. Lisemee hilo wakati wa kununua, maana likigunduliwa kaunta mtalipishwa nauli ya siku hiyohiyo. Kwa mchanga kabisa, mashirika mengi hukataa kumbeba kabla hajafikisha siku 7, na mengine husubiri hadi 14.

Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu. Wazazi wa pacha wajue jambo jingine: katika ndege nyingi kila kundi la viti vilivyoungana lina barakoa moja tu ya ziada ya oksijeni, kwa hiyo watoto wawili wa kupakatwa hawawekwi kundi moja. Mzazi mmoja atakaa safu nyingine au ng'ambo ya njia. Ni afadhali mlijue hilo nyumbani mgawane vifaa katika mabegi mawili, kuliko maziwa yote yabaki kwa mzazi aliye mbali.

Kupakata kunaruhusiwa, lakini si salama kama kumfunga mtoto kwenye kiti. Ndege ikiyumbishwa ghafla na hewa, hakuna mikono inayoweza kumshikilia mtoto. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inawahimiza wazazi wamweke mtoto kwenye kiti chake akiwa na kifaa cha kumfunga kilichoidhinishwa. Kama fedha zinatosha kwa jambo moja tu la ziada, liwe hilo, hata kabla ya hoteli nzuri zaidi. Kiti cha gari kinachoingizwa ndani ya ndege lazima kiwe na lebo inayosema kinafaa kwa ndege. Pima upana wake kabla, kwa kuwa viti vingi vya daraja la kawaida vina takribani sentimita 43 tu kati ya egemeo na egemeo. Huwekwa dirishani, ili kisimzuie mtu kutoka, na hakikubaliwi kwenye safu za milango ya dharura.

Kile kitanda kidogo kinachopachikwa kwenye ukuta wa safu ya mbele ni kizuri kwa safari ndefu, ila ndege huwa navyo vichache. Kiombe unapokata tiketi na upige simu tena wiki moja kabla, kwani ndege ikibadilishwa nafasi hupotea kimyakimya. Uliza ukomo wa uzito. Mara nyingi ni kilo 10 au 11, na mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuwa amepita. Jua pia kwamba taa ya mkanda ikiwaka mtoto hutolewa humo, hata kama amelala usingizi mzito. Safu hiyo haina nafasi ya kuweka begi chini ya kiti cha mbele, na egemeo za mikono hazinyanyuki, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu hawezi kujinyoosha akalala. Kwa mwenye mtoto wa umri huo, safu ya kawaida ni bora.

Chagueni viti mapema hata kama kuna malipo. Mfumo wa kompyuta huweza kumtupa mtoto wa miaka minne safu kumi nyuma yenu, na kumwomba abiria mwingine ahame si mpango. Chakula cha watoto huagizwa mapema, mara nyingi angalau saa 24 kabla, na mashirika mengine hutaka saa 48.

Saa ya kuondoka

Kwa safari fupi, ndege ya asubuhi ndiyo salama zaidi: mtoto ameamka vizuri, na ucheleweshaji wa mchana kutwa haujajilimbikiza. Kwa safari ndefu, ndege ya usiku humkuta mtoto kwenye usingizi wake. Ubaya wake ni kwamba ikichelewa saa 3, mtakuwa na mtoto aliyepitiliza usingizi uwanjani.

Soma saa za tiketi kwa makini. Zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 01:00 ni saa saba usiku. Ndege ya 00:30 ya tarehe 15 inawataka muwe uwanjani usiku wa tarehe 14. Kuna familia hufika siku moja baadaye zikiwa na mizigo yote.

Mkibadilisha ndege, dakika 60 zinazotosha kwa mtu mmoja hazitoshi kwa familia. Kuna kungoja abiria washuke, kungoja kigari cha mtoto, choo, ukaguzi mwingine, na mtoto anayetembea hatua zake fupi. Wekeni saa 2 hadi 3. Safari zote ziwe kwenye tiketi moja. Mkikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza kuchelewa, shirika lina wajibu wa kuwatafutia nyingine, lakini kama tiketi ni mbili tofauti hasara ni yenu.

Begi la mkononi

Hapa ndipo hesabu ya saa zote inapofanya kazi. Weka nepi moja kwa kila saa 2 za safari nzima, kisha ongeza nusu ya idadi hiyo. Safari ya saa 12 ni nepi 9. Vitambaa vya kufutia pakiti nzima, maana hufuta pia meza, mikono na nguo zako. Nguo za mtoto seti 2, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki. Ile safi ikitoka, chafu inaingia mfukoni humo na harufu inafungiwa. Beba pia blauzi au shati la mzazi anayempakata. Matapishi huishia kwa mzazi mara nyingi kuliko kwa mtoto, na kukaa nayo saa 8 ni adhabu.

Gawa vitu katika sehemu mbili. Mfuko mdogo wenye nepi 2, vitambaa, chupa, kitafunwa na kitu kimoja cha kuchezea ukae chini ya kiti cha mbele. Begi kubwa likae juu. Taa ya mkanda inapowaka huruhusiwi kusimama, na ndipo mtoto huchafua nepi.

Vimiminika vya kawaida katika viwanja vingi havizidi mililita 100 kwa chombo. Maziwa ya mama, maziwa ya kopo, chakula cha mtoto na dawa huruhusiwa zaidi ya hapo, kwa kiasi kinachohitajika safarini. Vitoe mwenyewe na uviseme kabla begi halijaingia kwenye mashine, kwa sababu vikigundulika ndani ndipo foleni husimama. Maziwa ya unga yapime nyumbani, kila mlo kwenye kijichombo chake, na uombe maji ya chupa badala ya maji ya bomba la ndege. Yakishakorogwa yatumike ndani ya saa 2; yanayobaki yamwagwe. Wahudumu hupasha chupa kwa kuizamisha kwenye maji ya moto, hivyo itikise na udondoshe matone kwenye kifundo cha mkono wako kwanza. Chai na kahawa za watu wazima zisipite juu ya mtoto, kwani ajali za kuungua huwapata watoto wanaopakatwa kwa urahisi sana.

Betri za kuchajia simu zikae begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege. Katuni zipakuliwe kabla, na vipokea sauti vya kichwani mtoto azoezwe kuvivaa nyumbani. Wengi huvitupa mara ya kwanza.

Masikio, homa na dawa

Maumivu makali ya masikio huja wakati wa kushuka kuliko wa kupaa. Hewa ya ndani hurudi kuwa nzito, na kijia kinachounganisha sikio na koo, ambacho kwa mtoto ni chembamba, hubana. Kumeza hukifungua. Kosa la kawaida ni kumnyonyesha mtoto hadi ashibe wakati wa kupaa, kisha wakati anapohitaji kumeza yuko usingizini. Ndege huanza kushuka takribani dakika 30 kabla ya kutua. Mwamshe, mpe titi, chupa au kikombe cha mrija kidogokidogo hadi magurudumu yaguse chini. Akiwa na mafua mazito au maambukizi ya sikio, daktari amwone kabla ya safari.

Parasetamoli ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Nguvu ya dawa ya maji hutofautiana kati ya chupa na chupa, kwa hiyo andika kwenye kibandiko kipimo cha mtoto wako kwa mililita ukiwa nyumbani, ukiwa mtulivu. Beba pakiti 2 za ORS (chumvi ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha), kila moja ya lita 1. Dawa za mzio ili mtoto alale tuziache kabisa: kwa baadhi ya watoto huleta kinyume, wakahangaika usiku kucha, na kipimo kikizidi ni hatari kwa kupumua.

Uwanjani na mkishafika

Uliza shirika kama kigari mtakipokea mlangoni mwa ndege au kwenye mkanda wa mizigo. Jibu hutegemea uwanja, na ikiwa ni kwenye mkanda wa mizigo, utahitaji mbeleko. Piga picha ya kila mtoto asubuhi ya safari akiwa na nguo alizovaa, na umwandikie namba yako ya simu mkononi.

Gari la kuwapokea liwe na kiti cha mtoto, la sivyo mwende nacho. Mnakofikia ulizeni kitanda cha mtoto, chandarua, madirisha ya ghorofani yanavyofungwa na kama bwawa lina uzio. Tofauti ya majira ya saa mwili huizoea kwa takribani saa moja kwa siku, kwa hiyo siku 2 za kwanza msizipangie matembezi ya asubuhi.

Mtoto akiamka na homa siku ya safari na mkaamua kubaki, pigeni simu kwenye shirika kabla ndege haijaondoka. Abiria asiyetokea bila taarifa kwa kawaida hufutiwa na safari zote zilizobaki kwenye tiketi, hata ya kurudi. Chukueni pia barua ya daktari yenye tarehe ya siku hiyo, kwa sababu bima ya safari huenda isilipe bila hiyo.