Jinsi ya kueleza kwa nini makoloni 13 ya Amerika yaliiasi Uingereza

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini makoloni ya Amerika Kaskazini yaliiasi Uingereza, jibu linalomjia upesi ni kodi: Waingereza walitoza kodi, watu wakachoka, wakashika bunduki. Jibu hilo litaanguka mara tu msomaji makini atakapokumbusha kwamba walowezi hao walilipa kodi ndogo kuliko ndugu zao waliobaki Uingereza, na kwamba chai iliyomwagwa baharini kule Boston ilikuwa imeshushwa bei. Mwongozo huu ni kwa mwalimu au mwanafunzi anayetaka kuandika maelezo yatakayohimili maswali ya namna hiyo.

Kabla ya kuandika tarehe yoyote, mweleze msomaji walioasi walikuwa nani. Kwetu neno "koloni" huleta picha ya wenyeji wanaomwondoa mgeni, kama wapiganaji wa Maji Maji au Mau Mau, na picha hiyo itaharibu insha nzima. Walioasi mwaka 1775 walikuwa wengi wao walowezi wenyewe, watu waliojihesabu kuwa raia wa mfalme wa Uingereza na waliodai haki za raia huyo. Ukitaka mfano wa karibu, walowezi wa Rhodesia Kusini waliojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 ndio wanaofaa zaidi, na hata maneno ya tangazo lao yalifuata mtindo wa lile la Marekani. Ulinganisho huo una mipaka yake, lakini angalau unaweka watu mahali pao.

Hadithi yenyewe ianze mwaka 1763, lakini usikose aya moja ya mambo yaliyotangulia. Virginia ilikuwa na baraza la wawakilishi tangu 1619, na kufikia karne ya 18 kila koloni lilikuwa na lake. Mabaraza hayo ndiyo yaliyopanga kodi, na katika makoloni mengi ndiyo yaliyoidhinisha mshahara wa gavana, kwa hiyo gavana aliyewaudhi alijua nini kingemfika. London ilisimamia biashara ya baharini, tena kwa ulegevu, na magendo yalikuwa kazi ya watu wenye heshima zao. Kisha ikaja vita dhidi ya Ufaransa, iliyoanza Amerika mwaka 1754 na kumalizika 1763. Uingereza ilishinda, lakini deni la serikali lilikuwa limekaribia kuongezeka maradufu, na maelfu ya askari walibakishwa Amerika ambao ilibidi walipwe. Serikali ya London iliona ni haki walowezi wachangie. Mweleze msomaji hoja hiyo bila kejeli, kwa kuwa haikuwa hoja ya kijinga. Taja pia kwamba mwezi Oktoba 1763 mfalme alipiga marufuku makazi ya walowezi magharibi ya milima ya Appalachia, ili kuepuka vita na wenyeji wa huko, jambo lililowakera waliokuwa wakiimezea mate ardhi hiyo, George Washington akiwa mmoja wao.

Baada ya hapo, tulia kwenye Sheria ya Stempu ya mwaka 1765, kwa sababu ndiyo inayofundisha zaidi. Hati za mahakama, mikataba ya ardhi, leseni, magazeti na hata karata za kuchezea zilitakiwa kuwa na muhuri wa kulipiwa, na malipo yalidaiwa kwa fedha ya Uingereza, iliyokuwa adimu makoloni. Tazama ni nani waliobanwa: wanasheria, wachapishaji wa magazeti, wenye vilabu vya pombe. Ni vigumu kubuni kodi inayowagusa kwa pamoja watu wote wenye ulimi, kalamu na mahali pa kukutania! Tarehe 14 Agosti 1765 sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kusambaza stempu Massachusetts, ilitundikwa mtini Boston, mji mkuu wa koloni hilo, na muda si mrefu akatangaza kuiacha kazi hiyo. Wajumbe wa makoloni 9 walikutana New York mwezi Oktoba wakasema kwamba raia wa Uingereza hatozwi kodi ila kwa ridhaa yake au ya wawakilishi wake, nao hawakuwa na mwakilishi katika Bunge la London. Watetezi wa Bunge walijibu kwamba mbunge huwakilisha himaya nzima, kwani hata Manchester haikuwa na mbunge wake. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na hapa ndipo pa kutumia wino mwingi. Sheria hiyo ilifutwa Machi 1766, lakini siku hiyohiyo Bunge lilipitisha nyingine iliyotangaza kwamba lina uwezo wa kuyatungia makoloni sheria katika mambo yote. Fedha zilisamehewa, mamlaka hayakuachwa.

Ushuru wa mwaka 1767 juu ya kioo, karatasi, rangi, madini ya risasi na chai unaweza kuupitia kwa sentensi mbili, pamoja na migomo ya kununua bidhaa iliyousababisha ufutwe mwaka 1770, isipokuwa ule wa chai. Kuhusu mauaji ya Boston ya tarehe 5 Machi 1770, ambapo askari waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakiwazonga, wakafa watano, kuwa mwangalifu na ushahidi. Mchoro maarufu uliouzwa na Paul Revere, fundi fedha wa Boston, unaonyesha askari waliopangwa mstari na kamanda akiamuru wapige, ilhali mahakamani askari 6 kati ya 8 waliachiwa, wakitetewa na John Adams, yule aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani. Mchoro huo ni ushahidi wa hasira za watu, na utumike hivyo.

Chai ndiyo kipimo cha kama umelielewa somo. Sheria ya mwaka 1773 iliiruhusu Kampuni ya India ya Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyokuwa na hali mbaya kifedha, kupeleka chai Amerika moja kwa moja kupitia mawakala iliowachagua, kwa bei nafuu. Ushuru wa peni 3 kwa kila ratili ulibaki palepale. Kuinunua chai hiyo kulikuwa kukubali kimyakimya kwamba Bunge lina haki ya kutoza, na wafanyabiashara wasiochaguliwa, pamoja na wauza magendo, walikuwa na sababu zao za ziada. Meli ya Dartmouth ilipotia nanga Boston, sheria iliipa siku 20 kulipa ushuru, la sivyo forodha ingeichukua shehena. Gavana Hutchinson wa Massachusetts, ambaye wanawe walikuwa miongoni mwa mawakala, alikataa kuiruhusu iondoke bila kulipa. Usiku wa tarehe 16 Desemba, siku hizo zikikaribia kwisha, watu walipanda meli 3 wakavunja makasha 342 na kuyamwaga majini.

Adhabu ambayo Bunge la London lilitoa mwaka 1774 kwa kosa hilo ndiyo iliyogeuza ugomvi wa Boston kuwa wa makoloni yote: bandari ilifungwa, katiba ya Massachusetts ikabadilishwa, mikutano ya miji ikabanwa. Makoloni 12 yakatuma wajumbe kwenye mkutano wa pamoja Philadelphia mwezi Septemba. Tenganisha sasa sababu za kuasi na sababu za kudai uhuru, maana wengi huzichanganya. Risasi zililia Lexington, karibu na Boston, kati ya askari wa mfalme na wanamgambo wa walowezi, tarehe 19 Aprili 1775, na bado mwezi Julai wajumbe walimwandikia mfalme wakiomba suluhu. George III hakuyapokea maombi hayo, akawatangaza kuwa waasi mwezi Agosti.

Usiwasahau ambao uhuru huo haukuwahusu. Kati ya watu takribani milioni 2.5 wa makoloni, karibu nusu milioni walikuwa watumwa, na gavana wa Virginia alipowaahidi uhuru wale watakaojiunga na jeshi la mfalme, Novemba 1775, mabwana wengi waliokuwa wakisitasita waliegemea upande wa waasi.

Ukimaliza kuandika, lisome Tangazo la Uhuru la Julai 1776 ukiwa na insha yako mkononi. Malalamiko yaliyoorodheshwa mle yanazidi 20, na kodi bila ridhaa imepewa mstari mmoja. Mengine mengi yanahusu mabaraza yaliyovunjwa, majaji waliotegemea utashi wa mfalme na majeshi yaliyowekwa bila idhini. Ikiwa insha yako imeipa kodi kurasa zote na mabaraza sentensi moja, ipange upya.