Kutengeneza elektroskopu ya kupima vipitishi na vihami mahali penye unyevu

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwalimu wa fizikia wa sekondari huko Tanga, ambaye elektroskopu yake (kifaa kinachoonyesha chaji ya umeme kwa majani mawili ya metali yanayotanuka) haikutunza chaji hata kwa sekunde moja, ilhali aliwahi kuitumia Dodoma wakati wa kiangazi bila tatizo. Ninaipendelea kuliko jaribio la betri na balbu, kwa sababu balbu hujibu ndiyo au hapana tu, wakati elektroskopu huonyesha kwamba chaji hupita hata katika vihami, yaani vitu vinavyozuia umeme, ila polepole mno.

Vifaa ni chupa ya jamu, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 uliomenywa ganda, foili ya jikoni, kipande cha bomba la PVC la nusu inchi, kitambaa cha sufu, stairofomu iliyotoka kwenye boksi la televisheni, na ule utepe mweupe wa tefloni ambao mafundi bomba huuzungusha kwenye nyuzi za koki. Rula za plastiki ziacheni mezani. Bomba la PVC huchajika vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Majani

Kunja ncha ya chini ya waya iwe ndoano, kisha utundike majani, yaani vipande viwili vya foili vyenye upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 4, vining'inie bila kukwama. Ncha ya juu ivike donge laini la foili, maana chaji huvuja hewani kwa urahisi penye ncha kali.

Hatua ya 2: Kizibo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Vitabu huelekeza kizibo cha mbao au cha koki (gamba jepesi la mti), na kwa betri ya volti 3 mbao ni kihami kizuri, lakini elektroskopu hufanya kazi kwa volti mamia au maelfu huku ikibeba chaji ndogo sana. Tuseme uwezo wake wa kuhifadhi chaji ni pikofaradi 10 (faradi ni kipimo cha uwezo huo, na pikofaradi ni sehemu yake ndogo mno). Kizibo kikiwa na ukinzani wa omu bilioni 1, chaji itashuka hadi zaidi kidogo ya theluthi moja kwa sekunde 0.01, kabla jicho halijaona lolote. Ili ishuke kiasi hicho hicho kwa sekunde 100, ukinzani unapaswa kufika omu trilioni 10, na mbao iliyokaa katika hewa ya pwani haikaribii hapo.

Kwa hiyo kata kizibo cha stairofomu, na sehemu ya waya inayopita ndani yake izungushie tefloni mara kadhaa. Usiishike sehemu hiyo kwa vidole baada ya kuifunga, kwa kuwa jasho huacha chumvi, nayo chumvi huvuta maji na kutengeneza utando unaopitisha chaji juu ya uso wa kihami, hata kama ndani yake ni kikavu kabisa. Ikishikwa kwa bahati mbaya, badilisha utepe. Chupa nayo ianike juani kabla ya kufungwa, na jaribio lifanywe mchana badala ya asubuhi, au katika chumba chenye kiyoyozi.

Umuhimu wa kihami kinachoshikilia kipitishi ulijulikana tangu mwaka 1729, watafiti wa umeme Stephen Gray na Granville Wheler walipokuwa wakipitisha chaji katika uzi mrefu ulioning'inizwa kwa hariri huko Uingereza. Hariri ilipokatika, waliweka waya wa metali mahali pake, na chaji yote ikatoroka kupitia waya huo.

Hatua ya 3: Kuchaji

Sugua bomba kwa sufu, kisha ulikokote kwa urefu wake wote juu ya donge la foili. Kugusa mara moja hakutoshi, kwa sababu chaji ya PVC hubaki pale iliposuguliwa. Katika shaba, kinyume chake, elektroni huru hujigawa mara moja na majani hutanuka.

Hatua ya 4: Kupima

Kwanza pima muda ambao majani hubaki yametanuka bila kuguswa. Bila kipimo hicho, vingine vyote havina maana. Halafu shika kitu mkononi na ukiguse kwenye donge: msumari, kijiti cheusi cha ndani ya penseli, karatasi, ubao, kioo, mshumaa usiowashwa. Kipitishi hushusha majani mara moja, kihami huyaacha yalivyo au huyashusha polepole. Kandambili ulizovaa, ingawa hukutenga na ardhi, hazitaharibu jaribio, kwani mwili hupokea chaji nyingi kuliko elektroskopu. Usijaribu kamwe kwa umeme wa nyumbani.

Kioo huwasumbua wengi: kikiwa na ubaridi na unyevu hushusha majani upesi, kikipashwa moto hadi kikauke huyaacha yalivyo. Ubao nao upime kabla na baada ya kukaushwa jikoni, kisha andika sekunde za vipimo vyote viwili. Jiko liwe mbali na elektroskopu, maana mwali wa moto hutoa ioni (chembe zenye chaji) hewani, nazo huimaliza chaji bila kitu chochote kuguswa.