Mguu wa matende: kuosha na kutunza nyumbani (someni kabla hamjauliza)

Kila mara naulizwa haya haya, naandika mara moja. Matende yaletwa na minyoo midogo ya filaria, mbu ndio wanaipitisha, inaharibu mishipa ya limfu (ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu) basi maji yanabaki chini na mguu unavimba. Kurogwa hakumo.

1. Nawa mikono, kagua mguu mzima mpaka nyuma ya kisigino.
2. Osha kwa maji safi yasiyo moto na sabuni isiyowasha, kila siku. Brashi na jiwe weka mbali.
3. Suuza sabuni yote iishe.
4. KUKAUSHA. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Katikati ya vidole na kwenye mikunjo hamupiti hewa, ukiacha unyevu fangasi inaingia, ngozi inakuwa nyeupe inachanika, na kwenye huo mchaniko ndipo bakteria wanapopita, hapo sasa homa, mitoki, mguu unawaka, na kila ukishikwa hivyo uvimbe unazidi. Kipande cha leso kuukuu chatosha, gandamiza usisugue, kidole kwa kidole. Na sie tunaotawadha mara 5 kwa siku, kila ukimaliza panguza, usitie mguu wenye maji kwenye kiatu! Ukiona weupe, krimu ya fangasi.
5. Ukikaa au ukilala inua mguu juu ya mto.
6. Zungusha kifundo, nyanyua visigino. Ukiwa na homa acha.

MASWALI

– Dawa ya kumaliza kabisa ni gani?
Soma tena juu, mishipa imeshaharibika. Tembe za kampeni, zile wanazogawiwa watu wote kuzuia matende, zaua minyoo michanga kwenye damu isisambae, mguu ulioharibika hazirudishi.

– Dada, mamangu akishikwa na homa tumchue na mafuta ya moto?
Hapana! Msichue, msichanje. Alale, mguu juu, kitambaa cha maji baridi, anywe maji kwa wingi, na mpelekeni hospitali apewe antibiotiki. Akitapika au akichanganyikiwa msingoje asubuhi.

– Babangu hakuwa na kitu, mbona amevimba ukubwani?
Swali zuri sana ndugu yangu. Wengi waambukizwa utotoni, uvimbe waja kuonekana baada ya miaka mingi. Ndio maana nasisitiza watoto walale kwenye chandarua, mbu hawa wa huku pwani wauma usiku.

– Na viatu? Vyote havimuingii mgonjwa wangu.
Mpeleke kwa fundi wa makubadhi, apime kila mguu peke yake jioni ukiwa umevimba zaidi, mkanda uwe mpana wa kulegezwa, ndani mshono usikwaruze.

– Wangu alitiwa soli ya tairi.
Tairi zito kwa mguu huo, mwambie fundi atie soli nyepesi.