Namna ya Kumpokea, Kumlea na Kumwendeleza Afisa Ugani Mpya: Mwongozo wa Msimu wa Kwanza

Mashirika mengi ya ugani, yaani yale yanayowapelekea wakulima ushauri wa kitaalamu, humpokea mwajiriwa mpya kwa utaratibu wa ofisini. Hujaza fomu, huonyeshwa vyumba, hukabidhiwa kompyuta na orodha ya vikundi vya wakulima, na baada ya wiki moja huhesabiwa kuwa amekwisha kuingia kazini. Utaratibu huo unaweza kumfaa mhasibu, ambaye hesabu zake hufungwa kila mwezi. Kazi ya afisa ugani hufuata mvua na ukuaji wa mazao, na ushauri mbaya uliotolewa wakati wa kupanda huja kuonekana wakati wa kuvuna, pengine wakati ambapo aliyeutoa amekwisha kusahau. Kwa sababu hiyo, kipimo sahihi cha kumpokea na kumlea ni msimu mzima wa kilimo, kuanzia utayarishaji wa shamba hadi uhifadhi wa mavuno. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata msimu huo, na unawahusu mameneja na maafisa waandamizi waliokabidhiwa watumishi wapya.

Hatua ya 1: Andaa kazi kabla mtumishi hajafika

Ikiwa una uwezo wa kuchagua tarehe ya kuanza kazi, chagua wiki chache kabla ya utayarishaji wa mashamba. Anayeanza katikati ya palizi hukuta wakulima wana shughuli nyingi na maamuzi makubwa yamekwisha kufanyika, naye hulazimika kushauri juu ya mambo ambayo hakuyaona yakianza.

Maelezo ya kazi yataje eneo, mazao, vikundi atakavyohudumia na mtu atakayewajibika kwake. Usafiri na vifaa viwe tayari: pikipiki iliyofanyiwa matengenezo pamoja na kofia ngumu, buti, utepe wa kupimia, mizani, kioo cha kukuzia wadudu na daftari la shambani. Mtumishi anayekaa ofisini majuma matatu akisubiri pikipiki hujifunza kukaa ofisini, na mazoea hayo ni magumu kuyang'oa baadaye.

Lipo jambo moja linalosahauliwa karibu kila mahali, nalo ni ahadi za mtangulizi wake. Kila afisa anayeondoka huacha wakulima wanaosubiri kitu fulani, kama vile majibu ya sampuli za udongo, mbegu za majaribio au ziara ya mafunzo. Zikusanye ahadi hizo kwa maandishi, onyesha ni nani aliahidiwa nini na lini, kisha uamue mwenyewe zipi zitatimizwa na zipi hazitawezekana. Usimwachie mgeni kugundua deni hilo mbele ya mkutano wa kijiji, kwa maana wakulima hawatofautishi sana kati ya afisa aliyeondoka na aliyekuja. Kwao wote ni shirika lilelile.

Hatua ya 2: Katika wiki ya kwanza, mfahamishe watu na sababu za kazi

Utambulisho kwa barua au kwa simu hautoshi. Mpeleke mwenyewe kwa viongozi wa vikundi, kwa wauza pembejeo, kwa wataalamu wa mifugo na kwa watafiti wa kituo kilicho karibu, na umwache azungumze nao bila wewe kumjibia.

Katika wiki hiyohiyo, mweleze kwa nini kazi ya ugani inafanywa hivi inavyofanywa. Mwaka 1903, mjini Terrell, Texas, mtaalamu wa kilimo wa Marekani Seaman Knapp aliandaa shamba la mfano ambalo mkulima mwenyewe, Walter Porter, alililima katika ardhi yake, huku watu wa mji huo wakichanga fedha za kumfidia endapo angepata hasara. Mwaka 1914 sheria ya Smith-Lever ikaweka mfumo wa ugani wa Marekani unaounganisha vyuo vya kilimo na serikali. Katika miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilieneza mfumo wa mafunzo na ziara, ambamo afisa alifundishwa kila baada ya muda maalumu, kisha akawafikia wakulima kwa ratiba kali. Nidhamu yake ilikuwa nzuri, lakini gharama zake zilikuwa kubwa na ujumbe wake mara nyingi ulikuwa mmoja kwa wakulima wenye mazingira tofauti. Mwaka 1989, nchini Indonesia, yakaanza mashamba darasa ya mpunga, ambako wakulima hukutana kila wiki kwa msimu mzima, wakachunguza mimea na wadudu, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Mgeni anayeifahamu historia hii huelewa kwamba kazi yake haiishii katika kupeleka habari shambani, na kwamba mkulima anayebeba hasara ya ushauri ana haki ya kuuhoji.

Hatua ya 3: Chagua mlezi ambaye si msimamizi wake

Mtumishi mpya humficha anayetia saini tathmini yake yale asiyoyajua. Mlezi wa kazi, kwa hiyo, awe afisa mwenye uzoefu ambaye hana mamlaka ya kumwadhibu wala kumpandisha cheo. Usimchague kwa shahada zake pekee. Tazama ni afisa gani ambaye wakulima humpigia simu wakati mambo yamewaharibikia, na ni yupi anayeweza kunyamaza mwenzake anapofikiri. Sifa hiyo ya pili ni adimu, na mimi huipa uzito kuliko ya kwanza.

Ulezi ni kazi inayohitaji muda. Mpunguzie mlezi vikundi au taarifa kadhaa ili apate angalau nusu siku kila wiki ya kuwa na mwanafunzi wake, na asipewe zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Wakubaliane mwanzoni kwamba wanayozungumza yatabaki baina yao, isipokuwa jambo linalohatarisha usalama wa mtu au linalohusu udanganyifu.

Hatua ya 4: Mfundishe shambani kwa awamu tatu

Katika awamu ya kwanza, mgeni huandamana na mlezi, huangalia na kuandika. Katika awamu ya pili wanafanya pamoja: mgeni huongoza sehemu ya ziara, na mlezi huongoza iliyobaki. Katika awamu ya tatu mgeni huongoza ziara yote, naye mlezi hukaa nyuma. Kila awamu idumu kadiri inavyohitajika. Wapo wanaovuka ya kwanza upesi kwa sababu wamekulia shambani, na wapo wenye alama nzuri sana za chuo wanaohitaji kukaa humo hadi palizi ya pili.

Nitaeleza ziara moja kwa undani ili mlezi aone kinachotakiwa. Mkulima analalamika kwamba mahindi yake yametobolewa majani. Mgeni, ambaye amesoma habari za viwavijeshi vamizi, ana jibu mdomoni kabla hajaingia shambani: apulize dawa. Hapa mlezi amzuie na amtake aanze kwa kuuliza: «Mama, majani haya yalianza kutoboka lini? Umefanya nini mpaka sasa?» Baada ya hapo waingie shambani kwa njia inayochora herufi W, wasimame mahali patano, na kila mahali wakague mimea 20, ili mwishowe wawe wamekagua mimea 100 na waweze kusema ni asilimia ngapi imeshambuliwa. Mgeni afungue moyo wa mmea kwa vidole vyake, amtoe kiwavi na amtazame kwa kioo cha kukuzia. Kiwavijeshi vamizi ana alama inayofanana na herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyopangika mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili. Asipoziona alama hizo, huenda ni kiwavi mwingine, na ushauri utabadilika.

Jambo la kutazama linalofuata ni ukubwa wa viwavi. Wakiwa wadogo, bado hatua za kuwadhibiti zina nguvu. Wakiwa wakubwa, wamejichimbia ndani ya moyo wa mmea, kinyesi chao kimeziba juu, na dawa haiwafikii vizuri. Mkulima anayeambiwa apulize wakati huo hupoteza fedha na huongeza sumu shambani bila faida. Mgeni atazame pia mafungu ya mayai kwenye majani, ambayo mkulima mwenye shamba dogo anaweza kuyaponda kwa mkono. Mdudu huyu, ambaye asili yake ni Amerika, aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na maafisa waliokuwa kazini wakati huo walilazimika kujifunza sambamba na wakulima wao. Mlezi aliyepitia kipindi hicho ana mengi ya kusimulia, na aombwe ayasimulie.

Wakiondoka, wasisubiri kufika ofisini. Wasimame kando ya shamba, mbali na masikio ya mwenyeji, na mlezi aulize maswali matatu: Uliona nini? Mkulima alikuambia nini ambacho hukukitarajia? Ungerudi kesho, ungeanza wapi? Mgeni ajibu kwanza, na mlezi aongeze tu lile lililokosekana.

Awamu ya tatu ndiyo inayowashinda walezi wengi, kwa sababu inawataka wasiokoe. Mgeni akikwama mbele ya wakulima, mlezi amwache akwame kidogo, isipokuwa pale ambapo ushauri unaotolewa unaweza kumdhuru mtu, mnyama au zao. Badala ya kumwokoa, awe amemfundisha mapema sentensi moja ya kumvusha: «Sina hakika na jambo hilo, nitauliza kwa wataalamu na nitarudi Alhamisi kukupa jibu.» Baada ya kuitamka, aiandike katika daftari pamoja na jina la mkulima, na Alhamisi arudi kweli, hata kama jibu bado halijapatikana, aje aseme kwamba halijapatikana. Wakulima humvumilia bwana shamba au bibi shamba asiyejua. Asiyerudi hawamsamehi, na hata anapokuja kuwa mtaalamu mzuri baadaye, maneno yake hupokelewa nusu nusu. Katika ulezi wote wa msimu wa kwanza, sijaona zoezi linalostahili kusisitizwa kuliko hili.

Hatua ya 5: Weka mipaka ya usalama na maadili kwa maandishi

Hatua hii ni fupi, lakini isiahirishwe. Kabla mgeni hajatoa ushauri wowote kuhusu viuatilifu, athibitishe kwamba anaweza kusoma lebo na kumweleza mkulima kipimo, vifaa kinga, muda wa kukaa nje ya shamba lililopulizwa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Asipendekeze dawa isiyosajiliwa kwa zao husika. Asipokee kamisheni kutoka kwa muuza pembejeo, hata ikiitwa zawadi au nauli, na ajue ni nani wa kumweleza akishawishiwa.

Hatua ya 6: Toa maoni kila mwezi, yakiwa na ushahidi

Mlezi na mwanafunzi wakae pamoja angalau mara moja kwa mwezi, wakiwa na daftari mezani. Maoni ya jumla hayamjengi mtu. Kumwambia mgeni kwamba «hukuwashirikisha wakulima» kunamwacha ajitetee. Kumwambia kwamba «wanawake wanne waliokaa nyuma, ambao ndio wanaopalilia lile shamba, hawakuulizwa swali hata moja» kunampa kitu cha kurekebisha katika mkutano ujao. Maoni mazuri yatolewe kwa usahihi uleule, ili mgeni ajue ni tendo gani alirudie. Msimamizi naye asikie kutoka kwa mgeni juu ya mambo yanayomkwamisha, hususan mafuta ya pikipiki, posho zinazochelewa na wingi wa taarifa, kwani mengi yanayoitwa uvivu wa watumishi wapya ni matatizo ya ofisi.

Hatua ya 7: Baada ya mavuno, pima na panga mwaka unaofuata

Tathmini ya kweli ifanyike mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani. Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani wa masuala ya mafunzo kazini, alipendekeza mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, walibadilisha nini katika utendaji, na matokeo yalikuwa yapi. Mashirika mengi huishia ngazi ya kwanza, kwa dodoso linalojazwa siku ya mwisho ya semina. Ninyi nendeni hadi ya tatu na ya nne: wafuateni wakulima walioshauriwa na mgeni, muone nini walifanya, nini waliacha, na kwa sababu gani. Mgeni awepo. Sababu ambazo wakulima hutoa za kutofuata ushauri, kama vile uhaba wa nguvu kazi wakati wa palizi au mbolea kuchelewa kufika, zitamfundisha kuliko semina.

Kutokana na hayo, andaa mpango wa maendeleo wa mwaka mmoja wenye malengo machache: ujuzi mmoja wa kitaalamu, kama vile afya ya udongo au uhifadhi wa nafaka, na ujuzi mmoja wa kufanya kazi na watu, kama vile kuendesha shamba darasa au kusuluhisha mgogoro ndani ya kikundi. Kila lengo liwe na mahali pa kulifanyia mazoezi, mtu wa kulisimamia na tarehe ya kuliangalia tena. Kozi isiyo na nafasi ya mazoezi ndani ya majuma machache baada ya kumalizika usiilipie.

Hatua ya 8: Jenga ngazi ya kupanda bila kuondoka shambani

Maafisa wazuri wengi huacha shamba kwa sababu njia pekee ya kupata mshahara bora ni kiti cha meneja, na shirika hupoteza afisa ugani hodari na kupata meneja wa kawaida. Pale ambapo kanuni za utumishi zinaruhusu, weka ngazi mbili zinazolingana kwa maslahi: moja ya uongozi na nyingine ya utaalamu, ambayo ndani yake mtu anaweza kuwa afisa mwandamizi, mkufunzi wa mashamba darasa au mlezi wa watumishi wapya huku akiendelea kuwa na vikundi vyake. Mwenye msimu mmoja anaweza kuanza kwa kumsaidia mlezi mkuu, akimwonyesha mgeni wa mwaka huo njia za vijijini na utunzaji wa daftari, kabla ya kukabidhiwa mtu wake mwenyewe.

Uhamisho nao upangwe kwa kufuata msimu. Usimwondoe afisa katikati ya zao linaloendelea, isipokuwa kwa dharura. Anayehama apewe siku za kwenda kuwaaga wakulima akiwa pamoja na mrithi wake, shamba kwa shamba katika yale yenye majaribio yasiyokwisha, na siku hizo zihesabiwe katika ratiba yake kuwa ni kazi.